Shajara ya puli za kinu: ukingo mweupe, kitovu kijivu

Jumatatu

Haya, wale mlokuwa mwauliza puli zimefika wapi, habari ndio hii. Puli za posho mili zishasubiwa, zimetoka mchangani zapendeza, ukizigonga zalia vizuri, tukampelekea fundi wa leiti kule Changamwe azitoboe tundu la shafti na akereze mifereji ya mkanda. Adhuhuri haijafika simu yalia, "nyinyi mmeniletea chuma ama mmeniletea kioo?" Kitovu alikitoboa bila shida, chuma laini, vumbi jeusi latoka na vipande vyakatika vidogo vidogo vile chuma cha kutupwa chatakiwa kufanya, alafu kuingia ukingoni ncha ya kisu ikateleza, ikapiga kelele, ikakatika. Akatia nyingine, ikakatika. Na ncha za kabaidi si bei ya bhajia, kwaivo bili imekuja kwetu na sina la kumjibu.

Nimeichukua moja nikaivunja kwa nyundo kubwa nipate kuona ndani. Kwenye midomo ya mfereji, pale chuma kina milimita 5 hivi, mvunjiko ni mweupe wang'aa, ukiuelekeza juani waumiza jicho, na ndani yake kuna mistari myembamba imejipanga sambamba, yote imeanzia kwenye ukuta wa mchanga yaingia ndani. Sogea kidogo, weupe wageuka madoadoa, kijivu na nyeupe zimeingiliana. Ukifika kitovuni ni kijivu kitupu, pitisha kidole kitoke na masizi. Masizi yale ndio grafaiti. Puli moja, ndoo moja ya kumiminia, dakika ile ile, na vyuma viwili tofauti ndani yake.

Ami, ambaye ndiye mtengeneza kalibu wetu na kazi hii aijua tangu sisi hatujazaliwa, akaiangalia akasema "hiyo mwanangu imepigwa na baridi," akarudi kwa chai yake.

Jumanne usiku

Ami kasema kweli, wacha nifafanue manake wengi wenu mwaniandikia "ongezeni kaboni" kana kwamba hii ni mchuzi wataka chumvi.

Chuma cha kutupwa kina kaboni nyingi, asilimia 3 na kitu. Kikiwa kimeyeyuka kaboni yote imo ndani imejificha, lakini wakati wa kuganda haiwezi kubaki vile, lazima itafute pa kwenda, na njia ni mbili. Njia ya kwanza yajitenga peke yake ikawa grafaiti, vipande bapa vidogo vidogo vimetawanyika ndani ya chuma. Hicho ndicho chuma cha kijivu, chakerezeka vizuri, chameza mtetemo, ndio maana bodi za mashine zasubiwa kwacho. Njia ya pili kaboni yashikana na chuma chenyewe, atomi 1 ya kaboni kwa 3 za chuma, yawa simentaiti. Hicho ni chuma cheupe, ugumu wake wapita 400 kwa kipimo cha Brinell wakati cha kijivu kizuri huwa 200 hivi, na kikipigwa chapasuka bila kuonya.

Sasa nani ashinda? Grafaiti yataka kuanza kuganda kwenye joto la juu kidogo kuliko simentaiti. Kama ni chuma na kaboni peke yake tofauti ni ndogo mno, 1153 kwa 1147, digrii 6 basi. Ukitia silikoni asilimia 2 pengo lapanuka likapita digrii 30, na hapo ndipo faida ya silikoni ilipo: yaipa grafaiti nafasi. Lakini nafasi si kitu kama chuma chashuka mbio kikalipita pengo lote kabla grafaiti haijapata pa kuanzia. Kikifika chini bado ni maji, simentaiti yaingia na mbio zake na mchezo umeisha.

Kuhusu mbio za kupoa, Chvorinov alishaiandika sheria yake mwaka 1940: muda wa kuganda wafuata ujazo gawanya kwa eneo la uso, alafu jibu lizidishe kwa lenyewe. Nikaipiga kwa puli yetu. Mdomo wa milimita 5 wanipa 2.5, kitovu cha kipenyo 60 chanipa 15. Kitovu ni mara 6, zidisha kwa 6, mara 36. Yani mdomo ukichukua sekunde 10 kuganda kitovu chachukua dakika 6, na ile ncha ya mdomo yenyewe ni mbaya zaidi manake mchanga wavuta joto lake kutoka kila upande. Kwaivo mtu akikwambia "chuma chenu ni kigumu" muulize wapi, manake ugumu hauko kwenye ndoo, watengenezwa ndani ya kalibu.

Ningeweza kunenepesha midomo na hadithi ikaisha, lakini mkanda ni wa saizi yake na mfereji ni wa saizi yake. Yabaki kushughulika na chuma.

Alhamisi, skrapu

Majibu ya maabara yamekuja. Kwa wasiojua, ile sampuli ya mashine ya cheche ile yasoma madini yaliyomo, lazima uimiminie kwenye kalibu ya shaba igande ghafla iwe nyeupe tupu, umbo la sarafu. Ikiwa na grafaiti mashine yasoma kaboni ovyo. Hii ndio sehemu moja twautaka weupe kwa hiari yetu.

Kaboni 3.2, silikoni 1.7, fosforasi 0.12. Hesabu ya kaboni linganifu, yani kaboni na wasaidizi wake kwa namba moja: chukua silikoni na fosforasi ujumlishe, gawanya kwa 3, ongeza kwenye kaboni. Yatoka 3.8. Kwa kipande kinene ni sawa, na nguvu utapata, lakini kwa mdomo wa milimita 5 ni njaa. Twataka 4.1 hadi 4.2, bado chini ya 4.3 ambapo grafaiti yaanza kutangulia na kuelea juu.

Kwanini silikoni imeshuka? Nimeikagua rundo yetu na jibu liko wazi. Skrapu ya Mombasa ina kutu si ya kawaida, upepo wa bahari wala kila kitu, na ile iliyokaa karibu na Kilindini ukiibonyeza yamomonyoka mkononi. Kutu ni oksijeni umeibeba mwenyewe ukaiingiza tanurini. Ikiyeyuka yala silikoni, yala manganizi, yala na kaboni, alafu vyote vyageuka taka juu ya chuma. Hata kwa skrapu safi kupola, tanuri yetu ya koki, yapoteza kama asilimia 10 ya silikoni yake, na kutu yaongeza hapo. Juu yake kulikuwa na nondo na boliti za chuma cha kawaida ambacho kaboni yake ni kidogo mno, zote zaisukuma hesabu chini.

Kwaivo rundo limepangwa upya. Bloki za injini na dramu za breki mbele, kutu yasuguliwa kwa brashi ya waya, nondo nje. Bearingi za metali nyeupe twazitoa moja moja manake nyingi zina madini ya risasi, na risasi hata ikiwa kidogo sana, sehemu ya mia ya asilimia hata chini ya hapo, yaiharibu grafaiti ikatoka na miiba na nguvu ya chuma yaporomoka. Vipande vya alumini vilivyoganda kwenye bloki pia vyatoka. Na kitu chochote chafanana na cha reli hatukigusi, akija nacho yeyote arudi nacho, tangu ile marufuku ya skrapu ya 2022 sisi bila risiti hatununui hata boliti.

Kidogo kuhusu taka: chokaa ya kuifanya taka iwe nyepesi itiririke twatumia mawe ya matumbawe yaliyovunjwa. Pwani hii Mungu ametupa chokaa bure, tatizo ni kwamba ametupa hata pale hatuitaki, nitawaambia mbele.

Jumamosi, kabari

Leo ndio kipimo ninachokipenda kuliko vyote manake hakitaki umeme wala mtu wa chuo. Kabari. Watengeneza umbo la kabari ndani ya mchanga, nene upande mmoja yaishia ncha kali upande wa pili, wachota chuma kutoka ndoo wamimina, kikiganda kikapoa rangi nyekundu ikaisha wakitia majini, wakivunja, wapima weupe umeenea umbali gani kutoka kwenye ncha. Dakika chache tu washajua, na ndoo iko bado moto, waamua umimine au la.

Ya kwanza imetoka na weupe mpana, karibu nusu ya kabari. Ami hakutazama hata rula, alitikisa kichwa tu. Hii ni baada ya kupanga skrapu upya, kumbuka. Kaboni linganifu ishapanda na bado.

Ndipo tukatia ferosilikoni, mchanganyiko wa chuma na silikoni. Ile yenye silikoni asilimia 75, tena ile iliyo na kalisiamu na alumini kidogo ndani, manake silikoni safi peke yake haifanyi kazi hii vizuri. Imesagwa chembe za mchele, imekaushwa juu ya bati la tanuri. Ndoo yetu ni kilo 40, tukapima gramu 100, yani robo ya asilimia. Haimwagwi chini ya ndoo ikangoja, ikikaa chini yashikana na taka. Kijana wetu asimama pembeni na kikombe cha mkono mrefu ainyunyiza kwenye mkondo wenyewe chuma kikitoka tanurini, polepole, kuanzia ndoo ikijaa robo mpaka ikikaribia kujaa.

Kabari ya pili: weupe milimita 3 tu kwenye ncha. Chuma ni kile kile. Robo ya asilimia ya silikoni haiwezi kubadilisha madini kiasi hicho, piga hesabu mwenyewe, kaboni linganifu yapanda kwa chini ya 0.1. Kilichobadilika ni mbegu. Zile chembe zikiyeyuka zaacha vijipande vya oksaidi na salfaidi visivyoonekana kwa macho, na grafaiti yapata pa kuanzia, sehemu nyingi kwa wakati mmoja, kabla chuma hakijalipita lile pengo.

Na hapa ndipo watu wa tanuri za umeme wapata shida tusiyoipata sisi. Makaa ya koki yatutilia salfa, na wote tumefundishwa salfa ni adui, lakini kwa chuma cha kijivu ukishuka chini ya 0.05 mbegu zakosa kushika. Salfa inayohitajika ni kidogo, lakini yahitajika, na lazima manganizi iwe ya kutosha kuifunga: salfa mara 1.7, jumlisha 0.3. Sisi salfa 0.1, kwaivo manganizi isipungue 0.47. Jamaa yangu mmoja ana tanuri ya umeme, asema akiacha chuma juu ya 1500 wakati vijana wala chakula cha mchana, wakirudi kabari ni nyeupe na madini hayajabadilika sana kwa mashine. Mbegu zimekufa kwa joto. Hatimaye huwa atia skrapu baridi kidogo au ferosilikoni tena.

Kitu kingine tumekiona: muda. Kabari ya tatu tuliimimina kwa makusudi ndoo ikiwa imekaa kama robo saa, weupe umerudi zaidi ya nusu ya ulivyokuwa. Dawa hii yaisha nguvu. Kwaivo kalibu zote zapangwa mbele ya tanuri si nyuma ya banda, na hakuna kupiga stori na ndoo imejaa.

Jumatatu nyingine, dogo wa chuo

Dogo mmoja asomea uhandisi hapa mjini alikuja na waya wa kipimajoto aina K na kibao kidogo cha elektroniki cha kusoma joto. Kibao cha kwanza kilikuwa MAX6675, kile cha bei rahisi, mwisho wake 1024, chuma chetu kikifika hapo kishaganda zamani. Akaenda akarudi na MAX31855 ambayo yafika 1350. Waya twaupitisha ndani ya kikombe cha mchanga, wamimina, waya waungua wafa lakini kabla haujafa wakupa mchoro.

Mchoro wenyewe nimeukodolea macho sana. Joto lashuka, lashuka, lapunguza mwendo kidogo pale vijiti vya kwanza vya chuma vyaganda, laendelea kushuka, alafu lafika mahali lasimama na *lapanda*. Chuma chapoa na joto lapanda! Ni grafaiti na chuma vyaganda pamoja, vyatoa joto lao mbio kuliko mchanga unavyolichukua. Bila ferosilikoni kilishuka mpaka 1127 ndipo kikapanda. Na ferosilikoni kiligeukia 1144. Hizo digrii 17 ndizo fundi wa leiti aliziona kwa ncha zake.

Dogo afurahi kuliko mimi. Ami akauliza, "sasa hiyo yakuonyesha nini ambacho kabari haikuonyesha?" na jibu la kweli ni kwamba kwa puli hizi, hakuna. Lakini kwa kujua kwanini, mimi naitaka.

Wiki ya mvua

Mvua imetufungia. Kazi kidogo, maelezo kidogo.

Mchanga: kuna kijana alileta toroli ya mchanga mweupe msafi kutoka ufukweni, wa bure, mzuri kwa macho. Ami alikata ndimu akakamulia juu ya konzi moja. Ukachemka, povu lajaa kiganjani, shshsh. Nusu yake ni makombe na matumbawe yaliyosagika, na ikipata joto la chuma yageuka chokaa na yatoa gesi, gesi hiyo yatafuta njia ndani ya puli yako. Ule wa kutoka bara upande wa Mazeras na Mariakani, kwenye mawe ya mchanga, ndimu yamwagika na kunyamaza. Huo ndio wetu.

Unyevu: hewa ya msimu huu ni nzito, na blowa yaisukuma yote ndani ya kupola. Maji yakikutana na koki nyekundu yavunjika, yala joto, yaacha haidrojeni. Ndoo za mwanzo zatoka baridi, twazimimina ziwe vizito vya kuzuia milango. Na kundi moja la siku ya manyunyu lilikuwa na vitundu vidogo vya sindano chini tu ya ngozi, ndani vyang'aa, huvioni mpaka ukereze. Haidrojeni, sina shaka, mchanga ulikuwa umenyonya maji na kuna alumini iliponyoka kwenye skrapu. Mchanga sasa haupiti asilimia 4 ya maji, ami aukamata akiuvunja kwa vidole viwili apima kwa mvunjiko, mimi napima kwa mizani na bati, na twakubaliana karibu kila siku jambo ambalo laniudhi kidogo.

Kushindilia pia. Grafaiti ikizaliwa yavimba, yajaza nafasi ambayo chuma chaiacha kikisinyaa, ndio maana chuma cha kijivu chasinyaa asilimia 1 tu ukilinganisha na umbo la mbao la kutengenezea kalibu, na cheupe 2. Lakini kalibu ikiwa laini ule uvimbe wasukuma ukuta nje badala ya kujaza ndani, wapata puli nene yenye shimo kitovuni. Kwaivo shindilia, na weka uzito juu.

Ijumaa baada ya swala

Kundi jipya limeenda Changamwe jana. Fundi amekereza zote kwa ncha moja. Amepiga simu kusema tu "hizi sawa" na kuulizia bili ya zile ncha za kwanza, ambayo nimemlipa, haki yake.

Nimevunja moja kwa kujiridhisha. Midomo ni kijivu mpaka ukingoni, mweupe ni uzi tu pale kwenye ncha kabisa na kisu chauondoa. Mchoro wa Brinell kutoka mdomo hadi kitovu ni 223 kushuka 187. Bado kuna tofauti na itakuwepo daima, kitovu kimepoa polepole kwaivo vipande vya grafaiti ni vikubwa na chuma katikati yake ni laini zaidi. Lakini hiyo ni tofauti ya kufanyia kazi.

Zile nyeupe za mwanzo hazijatupwa zote. Tumezipasha mpaka 920 hivi tukazishikilia masaa kadhaa ndani ya tanuri ya matofali, zikapoa humo humo usiku kucha. Simentaiti yavunjika, kaboni yatoka. Zimekerezeka, lakini mafuta yaliyokwenda hapo hayana faida yoyote, na nguvu ya chuma yashuka. Ni ya kuokoa oda, si ya kujengea biashara.

Jumapili

Mama mwenye kinu kule Kaloleni amezipokea puli zake, na akatoa kazi nyingine: sahani za kile kinu chake kidogo cha kusagia viungo, za madukani zaisha meno haraka. Nikacheka peke yangu. Sahani za kinu zataka uso *mweupe*, ugumu wote ule niliokuwa naukimbia, lakini mgongo uwe kijivu usipasuke ukikaza boliti.

Kwaivo upande wa meno haugusi mchanga, twaweka bamba nene la chuma ndani ya kalibu livute joto ghafla. Kaboni linganifu twairudisha chini karibu na 3.7, silikoni kidogo, na ferosilikoni nusu ya kipimo ili mgongo upate mbegu zake bila kuuharibu uso. Kina cha weupe nakitaka milimita 6 hadi 8 na kabari itaniambia kabla ya kumimina. Bamba lazima liwe halina kutu wala umande, lipashwe moto kabla, la sivyo chuma charuka usoni mwa mtu. Ami ashasema atalishughulikia mwenyewe na hataki msaada.

Fundi wa leiti nshamwambia hizi zikija asithubutu kuzitia kisu, ni jiwe la grainda tu. Kasema bei ya jiwe ni tofauti.